Kipimo Kimoja kwa Anayelima na Anayekula



Baada ya Misa ya kushukuru kwa mavuno, tulizunguka kwenye meza zilizopangwa chini ya miembe, kando ya kanisa. Kasongo na Kabambare zilikuwa zimekutana hapo: mchele mpya, karanga za kusaga, asali, unga wa muhogo, samaki wa Lualaba waliokaushwa kwa moshi, bidoni za mawese, na sabuni iliyopikwa kwa mawese hayo hayo. Nyuma ya kila meza alisimama mtu aliyeitayarisha bidhaa yake kwa mikono yake mwenyewe.

Mama mmoja alitueleza kazi ya mawese. Mwanawe hupanda mchikichi na kuangusha mikungu. Yeye huchambua ngazi, huzichemsha, huzitwanga na kuzikamua, kisha huyarudisha mafuta motoni mpaka maji yote yaishe, kwa maana mafuta yenye maji hayadumu. Kuni na maji amevibeba mgongoni. Tulimsikiliza kwa mshangao, tukampigia makofi.

Siku mbili baadaye tulimkuta sokoni. Mtoto wake alikuwa na homa, na dawa haikuweza kungoja. Mmoja wetu, alipoiona haraka yake, alimbishia bei mpaka akaitoa bidoni kwa hasara. Kijana huyo aliporudi alijisifu, nasi tukacheka pamoja naye. Ni usiku tu, tulipokusanyika kusali, ndipo kicheko kile kilipotuuma. Mikono iliyopiga makofi ndiyo iliyomnyima mama yule haki yake.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya: heshima kwa mtayarishaji wa chakula huonekana katika kipimo na katika bei. Sifa zisizofika huko ni maneno matupu.

Nchi yetu inalijua jambo hili tangu zamani. Mpunga uliletwa Maniema na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili katika karne ya 19, wakati misafara yao ilipopita Kabambare na kukaa Kasongo na Nyangwe. Mashamba yale yalilimwa kwa sehemu kubwa na watumwa. Kisha ikaja serikali ya kikoloni, ambayo tangu 1917 iliwalazimisha wanakijiji kulima mazao iliyoyataka, pamba ikiwa mojawapo. Aliyelima hakuulizwa bei. Waswahili husema mchumia juani hulia kivulini. Lakini babu zetu walichuma juani, na wengine wakala kivulini. Je, leo tumwachie nani lawama, ikiwa anayebana bei ni kijana mwenye rozari shingoni?

Tazameni vipimo vyetu. Wapo wanaonunua mpunga kijijini kwa beseni lililojazwa mpaka kufurika, kisha wakauza mjini kwa kopo lililobonyezwa chini. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, kinakataza kuwa na vipimo viwili, kikubwa na kidogo. Mtume Yakobo naye, katika sura ya tano ya waraka wake, anafundisha kwamba kilio cha wavunaji walionyimwa haki kimefika kwa Bwana. Maneno hayo yanahusu soko letu la kila siku.

Yanahusu pia altare. Katika utaratibu wa Misa uliokubaliwa mwaka 1988 kwa majimbo ya nchi yetu, maandamano ya vipaji yana nafasi kubwa. Vijana ndio wanaobeba vikapu huku wakicheza. Tunamtolea Mungu mkate na divai, matunda ya ardhi na ya jasho la watu. Tukibeba kikapu cha mchele tuliounyang'anya nusu kwa kipimo cha hila, tunamletea Mungu jasho la mtu ambaye hatukumlipa.

Tena, vijana wenzetu wengi wameacha mashamba na kwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya upande wa Namoya. Hatuwahukumu. Lakini kijana atalipendaje jembe, ikiwa ameona mama yake akirudi sokoni na beseni tupu na faranga zisizotosha chumvi?

Mtatujibu kwamba mnunuzi naye ni maskini, na kwamba njia ni mbovu, hata mzigo husukumwa kwa baiskeli siku nyingi katika matope. Ni kweli. Anayesukuma baiskeli naye anastahili ujira wake. Hatudai kwamba asiye na kitu alipe asichonacho. Tunadai kwamba mwenye shida asigeuzwe nafasi ya kupata faida. Na haki hii ina pande mbili: anayetia maji katika mawese au mawe katika mchele anavunja amri ile ile.

Tuanze na mambo yaliyo katika uwezo wetu. Kila kikundi cha vijana kiwe na kopo moja lisilobonyea, la kununulia na la kuuzia. Sikukuu ya parokia inapokaribia, tununue mchele, mafuta na samaki kwa watu wa mashirika yetu kabla ya kutafuta vya mbali, na tulipe siku ile ile. Tarehe 16 Oktoba, Siku ya Chakula Duniani, tuwatembelee watayarishaji huko waliko. Tukoroge chungu na kubeba kuni, ili mikono yetu ijue thamani ya kile inachokibishia bei.

Kuhusu mama yule, tulirudi kwake tukiwa na pesa iliyobaki na maneno ya kuomba msamaha. Pesa aliipokea. Kisha akatupa mchi, akasema ngazi zimeshaiva na mikono haitoshi. Tukatwanga mpaka jioni.