KIZURI CHAJIUZA, LAKINI SI BILA NJIA

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siwapingi wahenga, ila hapa naongeza neno: kizuri kisicho na njia hakijiuzi ng'o! Kitaozea shambani. Anayebisha na asome historia ya Uchina.

Wengi wetu tukisikia habari za biashara ya Uchina ya kale, twaikimbilia Njia ya Hariri. Ni kweli, baada ya mjumbe Zhang Qian kutumwa magharibi mnamo 138 K.K., misafara ya ngamia ilizidi kuvuka majangwa. Lakini hebu tuulizane, ngamia alibeba nini? Hariri, naam, kwa kuwa ni nyepesi na bei yake ni ghali. Mchele je? Kuupeleka mchele jangwani miezi na miezi ni kazi bure, maana gharama ya safari ingeumeza mchele wenyewe. Njia ile iliwatajirisha watu, lakini haikuijaza sufuria ya raia wa kawaida.

Kwa maoni yangu, njia iliyoyajenga masoko ya Uchina ni ya maji. Mito mikubwa ya nchi ile, Huang He na Yangtze, hutiririka kutoka magharibi kwenda mashariki. Kusini kulikuwa na mpunga tele, ilhali makao ya wafalme na majeshi yalikuwa kaskazini. Ndipo mfalme Yang wa ukoo wa Sui alipoamuru Mfereji Mkuu uchimbwe, kati ya 605 na 610, kwa kuunganisha mifereji ya zamani na mipya. Mashua moja ikabeba shehena ya kuwashinda ngamia chungu nzima.

Na masoko yakabadilika! Huko Chang'an, mji mkuu wa Tang (618-907), masoko mawili makubwa yalizungushiwa kuta. Adhuhuri ngoma ilipigwa mara 300, yakafunguliwa. Kabla ya jua kutua yakafungwa. Ukichelewa, shauri yako. Lakini Kaifeng, mji mkuu wa Song kuanzia 960, ulikuwa kando ya mfereji. Bidhaa zinazomiminika kila siku hazifungiki ndani ya kuta, ati. Maduka yakatapakaa barabarani, watu wakanunua na kula hata usiku. Sikwambii Yangzhou, pale mfereji ulipokutana na Yangtze, palipokaa wafanyabiashara hata kutoka Uajemi na Arabuni.

Kuna watakaosema, "Basi Yang alikuwa shujaa." Hapo ndipo tunapotofautiana. Kumbukumbu za kale zataja watu zaidi ya milioni moja waliolazimishwa kuchimba, na wanaume walipopungua, wanawake nao wakaandikishwa. Wengi walifia kazini. Raia waliasi, na Yang akauawa na askari wake mwenyewe mnamo 618. Tang na Song ndio waliovuna. Waliopanda walikwisha kuzikwa.

Je, nasema mfereji usingechimbwa? Hasha! Nasema haraka ya mfalme haikustahili roho za watu.

Kwa hivyo, wanachama wenzangu, tukifunzwa juu ya njia na masoko, tusiishie kukariri majina ya wafalme na miaka kwa ajili ya mtihani. Tuulize pia: nani alichimba, na alilipwa nini? Ukiona vyaelea, vimeundwa.