Shahidi Aliyesimama Nje ya Mashine

Mwezi uliopita nilikaa nyuma ya chumba cha semina nikashuhudia jopo la watahini likikataa kutazama mkanda wa video wa dakika 40. Waliutazama kwa dakika moja tu. Katika dakika hiyo waliona kioo cha kompyuta kilichorekodiwa kwa kamera ya video, wakaona mkono wa kijana ukisogeza kipanya, wakaona saa ya ukutani pembeni, na wakasikia jogoo akiwika nje ya dirisha. Mmoja wao akacheka. Mwenyekiti akasema kwamba chuo kikuu si kibanda umiza, na kwamba mchezo wa kompyuta hurekodiwa kwa programu ya kurekodi, si kwa kamera ya harusini. Kijana akaambiwa arudi muhula ujao na ushahidi "wa kitaalamu".

Kabla sijaendelea, naomba kukiri jambo moja ili msomaji asije akaligundua mwenyewe akaninyima imani: kamera ile ni yangu. Mimi ndiye niliyemwazima. Sikuwa msimamizi wake wala mjumbe wa jopo, lakini siwezi kudai kwamba sina upande. Upande ninao, na makala haya ni utetezi wake.

Kijana huyu ametengeneza programu inayocheza bao la Kiswahili. Wanaolijua bao wanajua kwamba hilo si jambo la mchezo, ingawa ni mchezo. Mashimo 32, kete 64, kila mchezaji akianza na kete 22 ghalani wakati wa namua, na nyumba yake yenye kete 6 ikimtia majaribuni tangu mwanzo: ailinde au aichezee? Mtaji mmoja waweza kuzunguka ubao mara kadhaa kabla haujalala. Kuifundisha kompyuta kuyaona hayo mbele kwa hatua nne au tano ni kazi inayostahili shahada.

Lakini hoja ya utafiti wake haikuwa kwamba programu inacheza vizuri. Hoja ilikuwa kwamba inacheza vizuri na kwa haraka kwenye kompyuta kuukuu, zile tunazozikuta katika shule zetu za sekondari zikiwa zimefunikwa kwa vitambaa vya kufumwa. Alichopaswa kukithibitisha ni muda: kwamba mashine dhaifu inaamua hatua yake kabla mwanafunzi hajachoka kusubiri.

Hapo ndipo programu ya kurekodi kioo ilipomwangusha. Programu ya namna hiyo hukaa ndani ya mashine ileile inayopimwa. Ili irekodi, lazima ichukue picha ya kioo mara nyingi kwa sekunde, izibane na kuziandika kwenye diski. Kazi hiyo yote hufanywa na prosesa ileile inayotafuta mtaji. Alipojaribu, muda wa programu yake kufikiri ukaongezeka karibu maradufu. Yaani chombo cha kuandika ushahidi kilikuwa kinaugeuza ushahidi wenyewe. Kijana akafanya ambalo mtafiti yeyote makini angelifanya: akamtafuta shahidi asiyekula chungu kimoja na mshtakiwa. Akaja ofisini kwangu kuomba kamera.

Huo ndio "utovu wa utaalamu" alioadhibiwa nao.

Najua ugumu wa kazi aliyoifanya kwa sababu niliwahi kuifanya mimi mwenyewe. Mwaka 2003, nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, tuliandaa bwenini mashindano ya mpira wa miguu wa kwenye kompyuta, na tukataka fainali ibaki. Mjomba wangu alikuwa ametoka Ujerumani na kamera ya kidijiti ya mikanda midogo, ile inayoingia dakika 60 za picha. Tukaielekeza kwenye kioo, tukabonyeza kitufe chekundu, na tukapata upuuzi mtupu: mistari mipana myeusi ikipanda na kushuka juu ya wachezaji kama pazia linalopeperuka.

Tulidhani kamera imeharibika. Haikuwa imeharibika. Vioo vile vya zamani vyenye mgongo mkubwa havikuwa na picha kamili kwa wakati wowote. Mwale wa elektroni ulichora mstari mmoja mmoja kutoka juu hadi chini, mara 60, 75 au 85 kwa sekunde, na jicho la binadamu likaunganisha. Kamera ya mfumo wa PAL ilichukua picha 25 kwa sekunde, kila moja ikiwa nusu mbili. Vitu viwili vilivyohesabu muda kwa mapigo tofauti vilipokutana, kamera ikanasa kioo kikiwa katikati ya kuchorwa. Tulishusha mwendo wa kioo hadi 60, tukaweka mlango wa kamera ufunguke kwa moja ya sitini ya sekunde, tukazima taa, tukafunga madirisha, tukaondoa ulengaji wa kujiendesha ili lenzi isihangaike kila mchezaji anapokimbia. Mistari ikafifia. Sauti tukaivuta kwa waya kutoka tundu la vipaza vya masikioni hadi tundu la maikrofoni ya kamera.

Mwenzetu mmoja alikuwa na wazo bora zaidi: kuchukua picha moja kwa moja kutoka kadi ya michoro na kuiingiza kwenye kamera kwa waya. Kamera ikakataa. Tundu lilikuwapo, ila lilitoa picha tu, halikupokea. Nilikuja kuelewa sababu baadaye, na haikuwa ya kiufundi. Huko Ulaya, kamera iliyoweza kurekodi picha kutoka chombo kingine ilihesabiwa na forodha kuwa mashine ya kurekodi video, na ushuru wake ulikuwa mkubwa kuliko wa kamera. Kwa hiyo watengenezaji wakaufunga mlango huo katika kamera nyingi walizouza huko, wakati kamera zilezile ziliuzwa kwingineko zikiwa wazi. Uwezo ulikuwamo ndani ya chuma, na jedwali la ushuru likaufungia. Nalitaja hili kwa ajili ya wenzetu watumishi wa umma: mipaka mingi tunayoiita "ya kitaalamu" iliandikwa na karani, si na mhandisi.

Turudi kwenye ushahidi. Jopo lilidai kwamba picha iliyotoka moja kwa moja ndani ya mashine ndiyo ya kuaminika, na ile ya kamera ni ya ubabaishaji. Ulimwengu wa michezo ya kompyuta uliwahi kuuamini msimamo huo, na ukaulipia.

Mwaka 2005, katika ukumbi wa michezo wa Funspot huko New Hampshire, Marekani, ulionyeshwa mkanda wa Billy Mitchell akifikisha alama 1,047,200 katika mchezo wa Donkey Kong. Ulikuwa mkanda wa aina hiyo inayosifiwa: picha safi ya mchezo peke yake, bila chumba, bila mikono, bila mashine. Mshindani wake, Steve Wiebe, alichezea gerejini kwake, na katika filamu ya The King of Kong ya mwaka 2007 tunamsikia mtoto wake mdogo akimwita kwa sauti wakati baba yuko karibu na rekodi. Mkanda wa Wiebe ulitiliwa shaka kwa sababu ya asili ya bodi iliyokuwa ndani ya mashine yake. Mkanda safi ukapokewa.

Miaka 13 baadaye watu waliuchunguza mkanda safi picha kwa picha. Wakaonyesha kwamba namna ngazi za mchezo zinavyojitokeza kioo kinapobadilika hailingani na mashine halisi ya Donkey Kong, bali inalingana na programu ya kuiga mashine hiyo kwenye kompyuta. Aprili 2018, Twin Galaxies, taasisi inayotunza rekodi hizo, ikafuta alama zake. Mitchell alikana kudanganya na akaenda mahakamani. Shauri hilo lilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2024, na alama zake zikarejeshwa katika kumbukumbu ya kihistoria. Mimi si hakimu wa nani alifanya nini. Ninachokiona ni kimoja: ubishi huo ulichukua miaka kwa sababu mkanda haukuonyesha mashine. Kamera moja ya bei rahisi, iliyosimama hatua mbili nyuma na kuonyesha kabati, mikono na kioo kwa pamoja, ingepunguza sehemu kubwa ya mzozo.

Usafi wa picha si ukweli wa picha. Picha inayotoka ndani ya mashine inatueleza kile mashine inachodai. Picha inayopigwa kutoka nje inatueleza nani alikuwapo, kwa chombo gani, saa ngapi, na jogoo wa nani alikuwa macho.

Sasa naomba tuyatoke ya michezo. Jambo hili lisingenisumbua usiku kama lingeishia kwenye bao. Linanisumbua kwa sababu nimeisikia lugha ya jopo lile mahali pengine, mbele ya madirisha mengi ya ofisi: "Mfumo unasema." Mwananchi analalamika kwamba taarifa yake ndani ya mfumo imebadilika, na jibu analopewa ni karatasi iliyochapishwa na mfumo uleule. Mwanafunzi analalamika kwamba alama alizoziona jana si za leo, anaambiwa ushahidi pekee unaopokelewa ni ule wa mfumo. Akitoa simu kuonyesha video aliyokipiga kioo kwa mkono unaotetemeka, anachekwa kama kijana wangu alivyochekwa. Wahenga walikwisha kutuonya juu ya kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Sisi tumeendelea zaidi: tunampelekea nyani mwenyewe, kisha tunamsifu kwa uandishi wake nadhifu.

Tena tuangalie ni nani anayeumizwa na kanuni hiyo. Mwenye kompyuta mpya hatahangaika, kwani mashine yake itacheza na kujirekodi bila kuhema. Anayeshindwa ni mwenye mashine dhaifu, yaani yuleyule ambaye utafiti huu ulikusudiwa kumsaidia. Kanuni ya "utaalamu" imegeuka kuwa kanuni ya kipato. Kijana wetu anarudi muhula ujao, na mkopo wake wa masomo umekwisha. Chumba atakilipia nani?

Nitatendewa haki nikisema pia ya upande wa pili. Ni kweli kwamba kamera hupoteza mengi. Picha ya kidijiti ya kamera yangu ina nukta 720 kwa 576, na kioo chenye nukta zaidi ya hizo kikiingizwa humo, herufi ndogo hufa. Vioo bapa vya leo havina mistari myeusi ya enzi zetu, lakini huweka mawimbi ya rangi pale vitundu vya kioo na vya kamera visipokubaliana. Anayetaka kusoma kila tarakimu atafute njia nyingine. Na ni kweli kwamba mkanda wa kamera nao waweza kughushiwa. Lakini kughushi chumba kizima, na saa ya ukutani, na mkono, na sauti, kwa dakika 40 bila kukatiza, ni kazi kubwa kuliko kughushi picha ya kioo. Hatutafuti ushahidi usioweza kughushiwa, maana haupo. Tunatafuta ule unaomgharimu mwongo zaidi.

Kwa hiyo sidai kwamba kila upuuzi uliopigwa kwa kamera upokelewe. Nadai tuwe na masharti yanayopima ukweli badala ya unadhifu. Mrekodi ataje jina lake, tarehe na anachokifanya kabla ya kuanza. Kamera ionyeshe kompyuta nzima na kibandiko chake, kisha itulie mahali pamoja. Kuwe na saa inayoonekana. Kurekodi kusikatizwe tangu mwanzo hadi mwisho. Mkanda wa asili uhifadhiwe, nakala ndiyo itumike. Na mtahini akiwa na shaka, ana dawa iliyo rahisi kuliko zote: akae mbele ya mashine hiyohiyo acheze. Kijana aliibeba kompyuta yake mgongoni hadi mlango wa chumba cha semina siku ile. Hakuna aliyemwomba aiwashe.

Nimemshauri akate rufaa, na nimemwandikia barua ya kuthibitisha kamera ni ya nani na inafanyaje kazi. Mkanda uko mezani kwangu, kichupo cha kuzuia kufutwa nimekisogeza. Wajumbe watatu wa jopo wanajua ofisi yangu ilipo. Zimebaki dakika 39 ambazo hawajazitazama, na katika dakika ya 31 mashine kuukuu inaichezea nyumba ya kijana, inakomba kete zake, na yeye anaguna kwa sauti kama mtu aliyefungwa na mzee wa barazani.

Programu ya kurekodi isingemsikia.