Mgeni njoo, mwenyeji apone: ni mwenyeji yupi anayepona Diani?

Kila Desemba barabara ya kutoka Ukunda kwenda ufuoni hujaa magari ya wageni kutoka Nairobi na kwingineko. Zamani wengi wangeshukia hotelini. Siku hizi familia nyingi huchukua nyumba nzima kupitia Airbnb na mitandao kama hiyo, zikapika zenyewe na kuchangiana gharama. Hivyo Diani imefikiwa na Wakenya walioshindwa na bei za hoteli, na hilo ni jambo jema. Lakini hesabu ya makao kwa sisi tunaoishi hapa mwaka mzima imebadilika.

Tuchukue mfano. Mwalimu amepanga fleti ya vyumba viwili Ukunda kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba akiitia samani na intaneti, kisha akaikodisha kwa shilingi 5,000 kwa usiku, siku nne tu zinamletea kodi ya mwezi mzima. Akitoa gharama za usafi, umeme na asilimia ya mtandao, wiki moja ya wageni bado inampa zaidi ya mpangaji wake. Si mchoyo, anapiga hesabu kama mtu yeyote. Ila mwalimu, muuguzi wa Msambweni na mhudumu wa hoteli hawawezi kushindana na mgeni wa siku tatu. Wanasukumwa ndani zaidi, mbali na kazi zao, na nauli ya tuktuk na bodaboda inakula kilichobaki mfukoni.

Mabadiliko haya yana chanzo. Hoteli za pwani ya kusini ziliyumba baada ya machafuko ya Likoni ya Agosti 1997. Zikapigwa tena na tahadhari za usafiri za mwaka 2014, kisha Korona mwaka 2020. Baadhi hazikufunguliwa tena. Baadaye njia zikafunguka: reli ya SGR ilifika Mombasa mwaka 2017, na barabara ya Dongo Kundu imetuondolea ulazima wa kupanga foleni ya feri. Wageni walirudi, ila hawakurudi wote kwenye hoteli zilezile, wala na kazi zilezile.

Hoteli kubwa ina wapishi, wahudumu, walinzi na watunza bustani, na wana chama, KUDHEIHA, kinachoweza kuwasemea mbele ya meneja. Nyumba ya kukodisha kwa siku mara nyingi ina mtu mmoja wa usafi, anayepigiwa simu mgeni akiondoka na kulipwa ya siku hiyo. Tangu Base Titanium isitishe uchimbaji Desemba 2024, Kwale inahitaji zaidi kazi za kudumu.

Hata hivyo tusiwatie wote kapu moja. Mama wa Tiwi au Gazi anayepokea wageni katika vyumba viwili vya nyumbani kwake, akawapikia samaki wa mvuvi jirani, anaiacha pesa kijijini. Mwekezaji wa mbali mwenye fleti ishirini, asiyemjua hata mzee wa mtaa, anafanya biashara ya hoteli bila kuitwa hoteli.

Januari 2024, baada ya wanawake kuuawa katika nyumba za aina hii Nairobi, serikali kuu iliagiza zisajiliwe na Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii. Agizo hilo lilihusu usalama wa anayelala. Makao ya mkazi yanabaki mikononi mwa kaunti, kwa kuwa Jedwali la Nne la Katiba linaipa utalii wa mashinani, leseni za biashara, mipango ya ardhi, maji na usafi.

Miji mingine imeshachukua hatua. Tangu Septemba 2023 New York inamtaka anayekodisha kwa chini ya siku 30 ajisajili na awepo nyumbani pamoja na mgeni. Barcelona imetangaza kutohuisha leseni zaidi ya 10,000 za fleti za watalii ifikapo Novemba 2028. Sisi hatuna haja ya kufika huko, maana mgeni ndiye riziki yetu.

Kaunti ianze na sajili ya kila wadi. Mwenye chumba kimoja au viwili nyumbani kwake apewe leseni nafuu. Mwenye nyumba nyingi alipe kama mfanyabiashara, pamoja na gharama ya taka na maji taka, maana mashimo yake na kisima cha jirani viko kwenye ardhi moja. Pesa hizo zitengewe nyumba za kupanga za bei nafuu.

Wapo watakaosema tutawafukuza wawekezaji. Hoteli zimelipia leseni na ushuru wa utalii wa asilimia 2 miaka yote, na zilizofungwa hazikufungwa kwa sababu ya leseni.

Muswada wa Fedha wa kaunti huletwa kwa wananchi kila mwaka. Wakazi wa Ukunda, Gombato-Bongwe na Kinondo wakiitwa kutoa maoni, wamuulize mwakilishi wadi wao swali moja: nyumba hizi zinachangia nini kwa wale wanaohamishwa kuzipisha?