Cheti cha Saa Nne Hakimlei Mtoto

Sheria ya jimbo la Florida, Marekani, inawataka wazazi wanaotalikiana, wenye mtoto wa umri mdogo, wamalize kozi isiyopungua saa 4 kabla ya hukumu ya mwisho. Wengi huisoma mtandaoni: video, kurasa za maelezo, maswali mafupi, kisha cheti kinachowasilishwa mahakamani. Cheti hicho kimezaa imani kwamba aliyekipata amekwisha kujua kumkinga mtoto na ugomvi. Imani hiyo ni potofu, na anayeumia kwayo ni mtoto.

Ushahidi unaotolewa kuitetea mara nyingi ni dodoso ambalo mzazi hulijaza mara tu baada ya somo la mwisho. Kuipenda kozi ni jambo moja, kubadili mwenendo ni jingine kabisa. Mzazi anaweza kujibu sawasawa kwamba mtoto asigeuzwe tarishi wa matusi, na jioni hiyo hiyo akamtuma kwa mtalaka wake. Ugomvi wao ni wa nyumba, fedha na vidonda vya moyo. Kanuni ya kutomhusisha mtoto waliijua zamani. Linalowashinda ni kuifuata wakiwa na hasira.

Mtandao wenyewe hauna hatia. Chuo Kikuu cha Arizona State kilibuni programu ya New Beginnings, ambayo wazazi huifanya kwa wiki nyingi, wakijaribu nyumbani kila mbinu waliyofundishwa: kumsikiliza mtoto, kuweka nidhamu bila ukali, kuzima ugomvi. Wazazi waligawanywa kwa bahati nasibu ili walinganishwe na wasioipitia, na manufaa kwa watoto yalionekana hata miaka 15 baadaye. Toleo lake la mtandaoni, lenye vipindi 10, nalo lilijaribiwa kwa wazazi 131. Ugomvi ulipungua na malezi yakaboreka, na watoto wenyewe waliulizwa. Kuutumia ushahidi huo kuitetea kozi ya alasiri moja ni kuwadanganya wazazi.

Hatari ni kubwa zaidi penye kipigo. Ushauri wa kuwasiliana na kushirikiana, unaowafaa wazazi waliokosana tu, humrudisha aliyepigwa mikononi mwa mpigaji. Huyo anahitaji amri ya ulinzi na utaratibu wa kukabidhiana mtoto bila kukutana, na hayo hutolewa na jaji aliyeisikiliza kesi yake.