Upandapo Mti, Tazama Juu

Huko Tunduma, Vwawa na Mlowo, mvua za Novemba zikianza, wengi hushika jembe wapande miti. Vema! Lakini kabla hujachimba shimo, tazama juu. Mkaratusi hupita mita 20, nao waya wa umeme hauhami. Tawi bichi likigusa waya, umeme huweza kushuka kwa mti hadi ardhini na kumwua mtoto achezaye shinani. Basi, chini ya waya panda maua au mboga. Mti mrefu upande mbali, ili hata ukianguka usiguse waya. Na kama tawi limekwisha kugusa, usiukwee mti na panga, waite TANESCO. Ukiona waya umeanguka, usiukaribie, nao watoto uwazuie.