Kaka, Mustang Haijui Theluji!

Mwezi huu safu yetu inapiga hodi Montreal, Canada, kwa ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliohamia huko na Kiswahili chao. Kaka kabeba boksi miaka mitano, kabana matumizi, hatimaye kajinunulia mkoko wa ndoto zake: Ford Mustang GT ya 2018, nguvu za farasi 460. Kiangazi mambo safi, vioo chini, muziki juu, mama watoto pembeni kapendeza. Halafu Desemba hiyooo, theluji mpaka mlangoni!

Tatizo ni nini? Mustang inasukumwa na matairi ya nyuma, wakati injini yenye uzito imekaa mbele. Ukikanyaga mafuta kwa pupa, matairi ya nyuma yanazunguka bure na mkia unataka kutangulia kichwa. Tena matairi ya kiangazi, baridi ikishuka chini ya nyuzi 7, mpira wake unakakamaa. Farasi wote hao, hawana pa kukanyaga!

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni matairi ya baridi, yale yenye alama ya mlima na theluji ndani yake. Funga yote manne. Usiweke mawili ya nyuma eti ndiyo yanayosukuma. Ya mbele ndiyo yanayokata kona na kubeba sehemu kubwa ya breki. Quebec, jimbo lenye Montreal, ilishayaweka kwenye sheria tangu 2008, na sasa lazima uwe nayo kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15. Bei inauma, najua. Lakini yanapofanya kazi haya, yale ya kiangazi yanapumzika stoo.

Dawa ya pili ni mguu mwepesi. Kanyaga mafuta kama vile chini ya kiatu kuna yai. Kama gari ni ya gia za mkono, ondoka na namba mbili. Mustang hizo zina mpangilio maalumu wa theluji, uwashe, na usizime kifaa cha kuzuia kuteleza ili kuuza sura. Mwache wa mbele yako aende mbali. Punguza mwendo kabla ya kona, siyo ndani yake. Mkia ukikimbilia kulia, achia mafuta taratibu, peleka usukani kulia, macho yaangalie unakotaka kwenda.

Mkikwama, kabla ya kukaa ndani na injini inawaka, fukua theluji kwenye bomba la moshi. Moshi ukirudi ndani una sumu isiyo na harufu, mnalala na hamwamki.

Sasa tuje kwenu wapenzi. Dada, usimpigie kelele gari ikiwa inateleza. Yaseme nyumbani, kabla hajashika funguo. Na wewe kaka, mwenzio akisema "leo tupande metro", hajadharau mkoko wako. Metro ya Montreal inapita chini ya ardhi, theluji haiifikii. Anachotaka ni mfike wote, na watoto wawaone jioni. Mwanaume anayeacha funguo mezani kwa ajili ya familia hajapungukiwa kitu.

Haya, tukutane mwezi ujao. Endesha taratibu!