Taya Linapouma

Mwezi huu tungependa tuzungumze juu ya maumivu ambayo wengi wetu huyabeba kimya kimya tukidhani ni jino au sikio, kumbe ni kiungo cha taya.

Weka vidole mbele kidogo ya masikio yako, kisha fumbua na kufumba kinywa. Utasikia kitu kikicheza chini ya vidole. Hapo ndipo taya la chini linapokutana na fuvu la kichwa, kulia na kushoto. Kati ya mifupa hiyo kuna kipande chembamba cha gegedu kinachoizuia isisuguane, na misuli yenye nguvu ya mashavuni na ya panjani ndiyo inayovuta taya. Kiungo hiki hakina likizo: tunakula, tunaongea, tunaimba kwaya, tunapiga miayo.

Dalili zake

Mgonjwa huamka na taya zito, au kichwa kinamgonga panjani. Husikia mlio wa "ka!" anapofumbua kinywa. (Mlio peke yake, bila maumivu, si ugonjwa.) Wengine huumwa sikio ilhali sikio ni zima. Kwa kawaida mtu mzima aweza kuingiza vidole vitatu vilivyopangwa wima kati ya meno ya mbele. Ukishindwa, taya limekaza.

Kwa kuwa maumivu husambaa hadi kwenye magego, wapo akina mama waliokwisha kung'olewa jino, hata mawili, na maumivu yakabaki pale pale. Kwa hiyo kabla ya kukubali kung'olewa, muulize daktari wa meno: jino hili limeoza kweli? Umelipima na taya pia?

Chanzo chake

Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, hasa kati ya miaka 20 na 40. Sababu kubwa ni kubana meno mchana na kuyasaga usiku. Mara nyingi mume ndiye anayesikia. Watu husema anayesaga meno ana minyoo. Dawa ya minyoo ni njema kwa mwenye minyoo, lakini haitatuliza taya. Mara nyingi kinachobana meno ni mawazo: ada ya shule, ugonjwa nyumbani, ugomvi usiokwisha. Jioni tunaomba na kusema mizigo tumemkabidhi Bwana, kisha usiku kucha tunaitafuna.

Sababu nyingine ni baridi yabisi, au pigo la usoni. Dada, kama taya lako linauma kwa sababu ulipigwa, mwambie muuguzi au daktari ukweli. Usiseme ulianguka bafuni. Taya huenda limevunjika na linahitaji picha, nawe wahitaji ulinzi. Kunyamaza hakumfichi mume aibu, bali huacha pigo la pili likujie.

Tiba ya mikono

Wasomaji wengine wamesikia juu ya osteopathia. Tiba hii ilianzishwa Marekani na daktari Andrew Taylor Still mwaka 1874, na mwaka 1892 alifungua shule ya kwanza mjini Kirksville, Missouri. Mtabibu hutazama taya pamoja na shingo, mabega na mkao, kwa kuwa misuli hiyo yote hushirikiana. Hukanda taratibu misuli iliyokaza, wakati mwingine kwa kidole chenye glavu ndani ya kinywa, hunyoosha kiungo, kisha hufundisha mazoezi ya nyumbani.

Je, yafaa? Mwaka 2023 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilitoa mwongozo juu ya maumivu ya taya ya muda mrefu. Miongoni mwa yaliyopendekezwa kwa nguvu ni kunyooshwa taya na mtaalamu, kukandwa misuli iliyokaza, mazoezi ya taya na ya mkao, pamoja na ushauri nasaha. Kazi hizo si za osteopathia pekee. Kwetu watabibu wake ni wachache, lakini wataalamu wa fiziotherapia wapo katika hospitali kubwa nyingi. Usimruhusu mtu asiye na mafunzo akuvute taya au kukuzungusha shingo kwa ghafla.

Ya kufanya nyumbani

1. Midomo ifumbwe, meno yasigusane. Meno hukutana wakati wa kutafuna na kumeza tu.
2. Kula vyakula laini kwa muda: uji, ndizi za kupika, maharage yaliyoiva sana, samaki. Acha miwa, mahindi ya kuchoma na chingamu.
3. Kanda shavu kwa taulo la maji ya moto lililokamuliwa, dakika 15, mara mbili au tatu kwa siku. Jihadhari usijiunguze.
4. Weka ncha ya ulimi kwenye kaakaa, nyuma ya meno ya juu, ufumbue kinywa polepole bila kuuondoa ulimi. Rudia mara sita.
5. Usibane simu kati ya bega na sikio. Ukipiga mwayo, shika kidevu kwa kiganja.

Paracetamol yaweza kusaidia ukifuata kipimo. Mjamzito au mwenye vidonda vya tumbo asijinunulie ibuprofen.

Nenda hospitali bila kuchelewa ikiwa taya limevimba pamoja na homa, kinywa hakifumbuki au hakifumbiki, au una kidonda na misuli inakaza, kwani yaweza kuwa pepopunda. Maumivu ya taya pamoja na kifua kubana, jasho au kukosa pumzi yaweza kuwa ya moyo. Na mama aliyepita miaka 50, anayeumwa taya akitafuna, kichwa kikimuuma panjani na macho yakififia, aonwe siku hiyo hiyo.

Wengi hupata nafuu bila kupasuliwa. Usiku wa leo, ukimaliza sala, legeza taya, shusha mabega, ndipo ulale. Bwana awabariki pamoja na nyumba zenu.